Wimbo Kabla ya Studio

Mwaka 1986, katika studio za Abbey Road jijini London, Freddie Mercury aliimba wimbo uitwao "Time" kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa Dave Clark. Walipoujaribu mara ya kwanza kulikuwa na sauti yake na kinanda cha Mike Moran, basi. Kisha kazi ya studio ikaanza. Waitikiaji wakapangwa juu ya waitikiaji, vyombo juu ya vyombo, hadi rekodi, kwa maelezo ya Clark mwenyewe, ikafikisha njia 96 za sauti. Wimbo ukatoka mwaka huohuo, mkubwa, wa kujaza ukumbi hadi paani. Ila Clark hakuyasahau yale mazoezi ya kwanza. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na Clark akaendelea kuitafuta mikanda ile kwa miaka mingi. Mwaka 2018 akaipata, akaitenga sauti ya Freddie na kila kilichoizunguka, na mwezi Juni 2019 dunia ikausikia upya kwa jina la "Time Waits for No One": mtu mmoja, kinanda kimoja.

Mtu huyo alizaliwa Farrokh Bulsara katika Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na jamaa zake walihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Mimi humsikiliza nikiwa Mosocho, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu, mahali ambapo mvua ya alasiri hupiga mabati karibu mwaka mzima. Nikizicheza rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine, nasikia watu wawili. Yule wa 1986 anakuja na msafara. Akipanda noti ya juu, jeshi zima linapanda naye, na msikilizaji hana shaka kwamba atafika. Yule wa 2019 anapanda peke yake. Unasikia pumzi anayoivuta kabla ya mstari, unasikia sauti ikikwaruza ukingoni inapokazwa, na kwa nukta moja hujui kama atafika. Koo ni lileile. Kilichobadilika ni waliosimama naye.

Wimbo wenyewe ni upi kati ya rekodi hizo mbili? Wapenzi wengi wa muziki wana jibu tayari. Watakwambia ule mtupu ndio wa kweli, kwamba studio huficha na demo, yaani rekodi ya majaribio, hufichua. Jibu hilo lina utamu wake, na linastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa. Mimi naamini kwamba demo ina thamani kubwa kuliko tunavyoipa hapa kwetu, lakini thamani hiyo haitokani na ukweli wa siri uliofichwa ndani yake. Demo ni ushahidi wa kazi. Inatuonyesha kwamba wimbo ulichaguliwa, neno kwa neno na noti kwa noti, na watu waliokuwa na njia nyingine za kupita wakaziacha. Jamii isiyohifadhi ushahidi huo huishia kuamini kwamba nyimbo huanguka kutoka mbinguni zikiwa tayari, na imani hiyo humdhulumu aliyezitunga na kumkatisha tamaa anayetaka kutunga.

Hapa Mosocho demo haina fahari yoyote. Ni simu iliyowekwa juu ya benchi. Kwaya hukutana Jumamosi alasiri. Mwalimu amekuja na wimbo mpya wa Ekegusii aliouzungusha kichwani wiki nzima, na kabla hajaufundisha anamwambia kijana mmoja abonyeze kitufe cha kurekodi, ili waliokosa mazoezi watumiwe kwa WhatsApp. Hivyo ndivyo nyimbo nyingi za parokia zinavyorekodiwa mara ya kwanza, na za bendi za mtaani vilevile. Hurekodiwa kwa ajili ya mwenzetu aliyekuwa akichuma majani chai, au aliyebaki nyumbani na mtoto mgonjwa.

Ninazo rekodi mbili za wimbo mmoja wa namna hiyo, ya simu na ya studio ya mjini Kisii. Katika ile ya simu mwalimu anaanzisha juu mno. Soprano wanamfuata hadi mstari wa pili, sauti zinabana, naye anakatiza kwa kofi moja. "Tushuke kidogo," anasema. "Mama, hebu nianzishie." Mama mmoja mwenye sauti pana anashika chini zaidi, na kwaya nzima inakaa pale aliposhika. Katikati ya ubeti wa pili mvua inaingia. Hakuna anayesimama; wanaongeza tu sauti ili wasikilizane. Ukiufuata mwendo kwa kidole mezani utaona wanamaliza kwa kasi kuliko walivyoanza, maana kwaya ikishapata moto hukimbia. Na kwenye kiitikio alto wanajipitia njia yao, wakishuka pale soprano wanapopanda, jambo ambalo mwalimu hakuwafundisha. Besi karibu haisikiki. Kipaza sauti cha simu hakizishiki vizuri sauti za chini.

Katika ile ya studio, besi imerudi na wimbo umepata miguu ya kusimamia. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo kwaya iliingia kwa mafungu, kila fungu likiwa na vidude vya masikioni vinavyogonga mapigo yasiyobadilika. Prodyuza akaongeza kinanda na ngoma za kompyuta, akanyoosha sauti zilizopinda. Maneno yanasikika barabara hata yakitoka kwenye redio ya matatu yenye kelele. Mwendo ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Mvua haipo, kofi la mwalimu halipo, na alto wamerudishwa kwenye mstari waliopangiwa. Ile njia yao ya kushuka imebaki kwenye simu peke yake.

Sitasema studio iliuharibu wimbo. Besi ilikuwa nusu ya wimbo, na simu ilikuwa imeimeza. Wachongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka wanaujua ukweli huu kwa mikono yao: kinyago kikitoka kwenye kisu kina rangi ya vumbi tupu, na ni pale akina mama wanapokisugua kwa msasa ndani ya maji ndipo mishipa ya waridi na kahawia, iliyokuwamo ndani ya jiwe tangu zamani, inapojitokeza. Kusugua huondoa, na katika kuondoa hufunua. Mwimbaji ambaye maneno yake hayakusikika katika rekodi ya kwanza hana sababu ya kuililia rekodi hiyo.

Ninachosema ni kwamba kila hatua kuelekea ukamilifu ilikuwa uamuzi, na kila uamuzi uliacha kitu nyuma. Mapigo yasiyobadilika yaliupa wimbo uimara na kuunyima ule moto wa kukimbia. Mstari ulionyooshwa wa alto uliupa wimbo utulivu na kuunyima mshangao. Anayesikia rekodi ya studio peke yake hawezi kujua kwamba palikuwa na njia panda. Anayezisikia zote mbili amesimama pale walipogawanyika waimbaji, na anaweza kuuliza kwa nini walikwenda kulia.

Na hapo ndipo hoja ya kwamba demo ndiyo ukweli inapovunjika. Ule wimbo wa Freddie wa 2019, unaosikika mtupu kiasi hicho, haukuwa demo hata kidogo. Sauti ni ya 1986, lakini kinanda Mike Moran alikipiga upya zaidi ya miaka 30 baadaye, akimfuata mwimbaji ambaye hangeweza tena kumsikiliza na kumjibu. Utupu wake umetengenezwa kwa ustadi, kama vile ukubwa wa rekodi ya kwanza ulivyotengenezwa kwa ustadi. Watu wa 2019 walitaka kumsikia Freddie akiwa karibu, na wakapewa ukaribu. Watu wa 1986 walitaka fahari, na wakapewa fahari. Hakuna kati ya rekodi hizo iliyo dirisha lililosahauliwa wazi. Zote mbili ni milango iliyofunguliwa na mtu kwa makusudi.

Wimbo mwingine wa Freddie unalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. "There Must Be More to Life Than This" ulianza kushughulikiwa wakati bendi yake, Queen, ilipokuwa ikitengeneza albamu ya Hot Space, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini haukuingia humo. Mwaka 1983 Freddie alikwenda nyumbani kwa Michael Jackson huko Encino, California, na katika studio ya nyumbani wakaurekodi kwa majaribio, Jackson akiimba na Freddie akipiga kinanda. Rekodi hiyo haikutolewa. Mwaka 1985 Freddie akauimba peke yake katika albamu yake ya Mr. Bad Guy. Kisha mwezi Novemba 2014, karibu miaka 23 baada ya Freddie kufariki na mitano baada ya Jackson, sauti za wote wawili zikaunganishwa na vyombo vya Queen, William Orbit akazichanganya, na wimbo ukatoka katika albamu ya Queen Forever. Hapo ndipo walimwengu walipowasikia wawili hao wakiimba pamoja kwa mara ya kwanza katika rekodi iliyotolewa rasmi.

Ukiniuliza ipi kati ya rekodi hizo ni wimbo kamili, nitakujibu kwa swali: umekamilika kwa nani? Ule wa 1985 ndio ambao mtunzi mwenyewe aliutia saini. Ule wa 2014 ulikamilishwa na marafiki na wataalamu baada ya wenyewe kuondoka. Ule wa 1983 haukukamilishwa na yeyote, lakini ndio pekee ambamo vijana wawili walikuwa chumba kimoja wakijaribu kitu wasichojua kitafika wapi. Kila rekodi inajua kitu ambacho nyingine hazikijui.

Kuna jambo jingine ambalo demo hutufundisha tukiisikiliza kwa adabu. Mara nyingi haikutengenezwa kwa ajili yetu. Mwezi Machi 1987 Freddie alikwenda Barcelona kukutana na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé, mwanamke aliyekuwa akimhusudu kwa miaka. Alibeba kanda. Ndani yake alikuwa ameimba kipande kisicho na maneno, akipandisha sauti yake juu hadi mahali pa soprano, ili kumwonyesha bibi huyo wimbo ungeweza kukaa vipi katika koo lake. Kipande hicho kiliitwa "Exercises in Free Love". Katika albamu yao ya pamoja, Barcelona, iliyotoka mwaka 1988, kilirudi kikiwa na maneno ya Kihispania na jina la "Ensueño", na Caballé mwenyewe akiimba. Sikiliza vyote viwili na utasikia barua na jibu lake. Mwanamume anasema kwa sauti ya kuazima: nilikuwa nakufikiria hivi. Mwanamke anajibu kwa sauti yake halisi.

Ndiyo maana sina haraka ya kumuunga mkono kila anayefukua mikanda ya wasanii waliofariki na kuitia sokoni. Seti kubwa ya kazi za Freddie za kujitegemea iliyotolewa mwaka 2000 ina santuri nzima za rekodi za majaribio, za Mr. Bad Guy na za Barcelona, na mimi nimefaidika nazo sana. Lakini msikilizaji anayeingia mle anapaswa kuingia kama mgeni aliyekaribishwa na jamaa, akijua kwamba mwenye nyumba hayupo. Mtu akijaribu mstari mbovu mbele ya wenzake anawaamini. Kwaya ya Mosocho ikiimba vibaya mbele ya simu yake yenyewe ni haki yake, na anayeisambaza rekodi hiyo ili watu wacheke amevunja kitu kikubwa kuliko hakimiliki. Mazoezi hayaendi bila usiri kidogo. Msanii akijua kila kosa litafika sokoni, ataacha kujaribu.

Nimezungumzia sana nyimbo zinazotoka kwenye utupu kwenda kwenye wingi. Huku kwetu Nyanza upo wimbo uliosafiri kinyume. Miaka ya 1970 bendi ya Black Savage ya Nairobi ilirekodi "Kothbiro", wimbo wa Kijaluo wa mvua inayokuja, ukiwa na vyombo vya bendi kamili ya wakati ule. Mmoja wa vijana wa bendi hiyo alikuwa Ayub Ogada. Mwaka 1993 Ogada akauimba tena katika albamu yake ya En Mana Kuoyo, iliyotolewa na kampuni ya Real World, na safari hii akavua karibu kila kitu. Kilichobaki ni nyatiti yake, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, pamoja na vyombo vichache na sauti inayokwenda polepole. Rekodi hiyo ndiyo iliyoingia katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005 na kuwafikia watu ambao hawakuwahi kusikia neno hata moja la Kijaluo. Mwaka 2018 rapa Kanye West akachukua kipande cha ile rekodi ya zamani ya bendi na kukitia katika wimbo wake "Yikes". Ogada akafariki mwaka uliofuata.

Mpangilio wake ndio unaonivutia. Anayesikia ile ya nyatiti kwanza, kisha ile ya bendi, atadhani kwa hakika kwamba ya nyatiti ndiyo demo, mbegu ambayo bendi iliiotesha. Ni kinyume chake. Ogada alihitaji kuishi na wimbo ule miaka mingi ndipo aweze kuuacha peke yake. Unyenyekevu wa rekodi ya 1993 ulikuja baada ya kazi. Sisi wa Gusii tunaosikia obokano, yenye nyuzi nane kama nyatiti ila yenye mlio mzito unaotoka chini ya ardhi, tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mzee mmoja na chombo kimoja hawakuwa kamwe hatua ya kwanza ya kitu kingine. Walikuwa wimbo mzima.

Na wakati mwingine anayeamua wimbo ukamilike vipi si mtunzi wala prodyuza, ni chombo cha kurekodia. Mwimbaji Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuirekodia kampuni ya HMV, alitoka katika taarabu ya Unguja ambako wimbo uliweza kukaa kadiri wasikilizaji walivyotaka, akakuta santuri ambayo upande wake mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Muziki wa benga nao ulikulia katika santuri ndogo: wimbo ulikatwa mara mbili, nusu upande huu na nusu upande ule, na gitaa liliachiwa likimbie katika upande wa pili. Wazee wetu waliocheza nyimbo za Ekegusii za kina Christopher Monyoncho walijifunza kugeuza santuri bila kupoteza hatua. Tunachokiita leo umbo halisi la nyimbo hizo ni umbo la nafasi iliyokuwapo. Zile zilizopigwa usiku kucha kwenye harusi, ndefu, zenye majina ya waliohudhuria ndani yake, hazikurekodiwa. Hatuna demo zake wala rekodi za ukumbini. Tunayo dakika chache, na tumezifanya kuwa wimbo.

Hasara ya kutohifadhi rekodi na rasimu ina gharama inayohesabika. Mwezi Septemba 2023, katika mnada wa Sotheby's jijini London, kurasa 15 za rasimu ya maneno ya "Bohemian Rhapsody" ziliuzwa kwa karibu pauni milioni 1.38. Ni karatasi za shirika la ndege zilizoandikwa kwa kalamu, zimekatwakatwa. Juu ya ukurasa mmoja Freddie alikuwa ameandika "Mongolian", akalikata, akaandika "Bohemian". Wimbo ulioshika masikio ya dunia tangu 1975 ulikuwa na jina jingine kwa muda, na tunalijua hilo kwa sababu karatasi haikutupwa.

Sasa tazama "Malaika". Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi wa kwanza, na kwake ukaenda kwa Miriam Makeba, kwa Harry Belafonte, kwa Boney M, hadi ukawa miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zinazojulikana zaidi. Lakini nani aliutunga? Adam Salim wa Tanzania alidai aliutunga miaka ya 1940. Wapo wengine waliotajwa, na mabishano yamedumu kuliko wabishani. Hakuna karatasi yenye neno lililokatwa. Hakuna sauti ya mtu akiujaribu mstari wa kwanza na kuuacha. Kwa kukosa rasimu, wimbo mkubwa kuliko wote tuliowapa walimwengu umebaki kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, na fedha zake nyingi zilikwenda mbali na pwani na miji ulikoanzia.

Kijana wa Mosocho anayetunga leo ana kinga ambayo wazee hao hawakuwa nayo, na anaibeba mfukoni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hailindi wimbo ulio kichwani. Inalinda kazi ambayo imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa kwa namna nyingine katika umbo linaloshikika. Rekodi ya simu yenye mvua na kofi la mwalimu ni umbo linaloshikika. Ina tarehe, ina saa, ina sauti yako ukihangaika na mstari ambao kesho mtu mwingine atadai ni wake. Mwizi wa wimbo anaweza kuwa na nakala nzuri ya wimbo uliokamilika. Hana njia ya kuonyesha yale majaribio matatu yaliyoshindwa kabla yake.

Hata hivyo rekodi hizi tunazifuta. Simu ikijaa tunaanza na sauti ndefu zisizo na picha. Simu ikiibiwa stendi tunalia kwa sababu ya namba za watu. Studio nyingi za miji yetu zinafanya kazi na kompyuta moja, na siku inapokufa hufa na vipande vyote vilivyorekodiwa, ikabaki nakala ya mwisho iliyopelekwa Egesa FM au iliyowekwa YouTube. Ninamjua msanii aliyerudi studio kuomba sauti yake peke yake, bila ala, akaambiwa mashine ilifutwa ili kupata nafasi. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Hakuna tu aliyeona kwamba kile kilichofutwa kilikuwa kitu.

Dawa yake haihitaji wafadhili. Kwaya inaweza kumpa mtu mmoja jukumu la kutunza rekodi za mazoezi, kama inavyompa mwingine jukumu la sare. Kila faili iandikwe jina la wimbo, la mtunzi na tarehe, na nakala ikae mahali pawili. Msanii anapolipa studio adai pia nyimbo zake zikiwa zimetenganishwa, sauti mbali na ala mbali, kabla hajatoka mlangoni. Dave Clark alimtoa Freddie katikati ya njia 96 kwa sababu njia hizo zilikuwa bado zipo. Wimbo ambao umebaki faili moja iliyogandamana hautawahi kupata 2019 yake.

Nina sababu moja zaidi, na kwangu ndiyo kubwa. Eneo letu lina shule nyingi, kuanzia Cardinal Otunga hapa Mosocho, na kila mwaka mamia ya wanafunzi huimba katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927. Wanajifunza nyimbo zilizokamilika. Wanasikiliza nyimbo zilizokamilika. Mmoja wao akikaa na daftari na kutunga mistari minne mibovu, analinganisha mistari hiyo na kazi iliyopita mikononi mwa prodyuza, wapigaji na mafundi, halafu anafunga daftari. Anadhani amekosa kipaji, kumbe amekosa tu kuona kipaji kinavyofanya kazi siku ya kwanza. Toleo maalumu la albamu ya Thriller lililotoka mwaka 2001 lina rekodi ya nyumbani ya "Billie Jean" ya mwaka 1981, ambamo Michael Jackson bado hana maneno yote, akijaza mapengo kwa sauti zisizo na maana ili asiupoteze mwendo. Ningependa kila mwanafunzi anayetunga aisikie, mara moja tu, kisha aisikie ile iliyokamilika.

Bora zaidi asikie ya hapahapa. Mwalimu wa muziki anaweza kuwaita wanafunzi wake alasiri moja, akawachezea wimbo wa kwaya wanaoujua kutoka redioni, halafu akawachezea ule wa simu na kuwauliza kimebadilika nini, nani aliamua, na wao wangeamua vipi. Huenda mmoja akasema alto walikuwa sahihi tangu mwanzo, na kwaya ikaujaribu tena mstari ule uliotupwa. Wengine watatetea studio, na watakuwa na hoja zao. Hata wasipokubaliana, wote watakuwa wameusikia wimbo kama kazi ya watu. Na mtoto aliyemsikia mwalimu wa kwaya yake mwenyewe akianzisha juu mno, akakatiza, akashuka na kuendelea, hatahitaji kuambiwa kwamba hata yeye anaruhusiwa kuanza vibaya.